Hitima ya Mheshimiwa Waziri

Nchi hii ilikuwa na jina zuri tu, lakini jina liliuzwa, na anayelitaja siku hizi hukatwa salio la simu. Kwa hiyo hapa itaitwa Nchi, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani nazo ziliuzwa pamoja na jina, kwa bei ya jumla.

Watu wa Nchi walikuwa wema na wenye adabu, na walikuwa na desturi moja iliyozipita zote: hakuna aliyekubali bei ya kwanza. Si sokoni tu. Daktari akikuambia una malaria kali, ulimuuliza kali yote hiyo ya nini, akuachie ya kawaida, naye alikuna kichwa akakuachia ya kawaida. Hakimu akisoma kifungo, mshtakiwa alicheka kwa dharau na kugeuka kama anayekwenda zake, mpaka hakimu amwite arudi wazungumze. Rais mwenyewe alipotangaza kwamba angelihutubia taifa kwa saa tatu, wananchi walipiga simu redioni wakamshusha hadi dakika ishirini na wimbo mmoja. Kujibu "sawa" mtu anapotaja bei ya kwanza kulihesabiwa ukosefu wa malezi, kama kuingia nyumba ya watu bila hodi.

Katika nchi ya watu kama hao, hodari kuliko wote alikuwa Bi Mwatumu, muuza masufuria na mabeseni wa Soko la Juani. Mume wake, Hatibu Mwinchande, fundi wa majiko ya mafuta ya taa, alimjua siku aliyokwenda kurudisha beseni linalovuja. Alirudi nyumbani na beseni lile lile, na jingine, na ahadi ya ndoa, na mpaka leo hajui ilikuwaje.

Bi Mwatumu hakuanza na bei. Alianza na mama yako. Alimkumbuka mama wa kila mteja, na mguu wa mama huyo, na kama mguu ulikuwa bado unavimba. Kisha alitaja bei, ukaruka, akashika kifua, akakuuliza kama ulitaka watu wa nyumbani kwake walale na njaa, na kufikia hapo ulikuwa unamwonea huruma. Watu waliondoka kwenye meza yake wamelipa zaidi ya walivyokusudia, na bado walijiona wameshinda.

Mambo yalikuwa hivyo Zefania Kiloko aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, akafungua kampuni ndani ya stoo ya shangazi yake. Aliiita Mlangoni. Alikuwa na kompyuta moja, rundo la viti vya plastiki, na imani kwamba bei lazima iwe moja kwa watu wote. Unabonyeza simu, kiti kinakuja mlangoni, unalipa kilichoandikwa, basi.

Watu walidhani wametukanwa. Ujumbe wa wazee ulikwenda kwa shangazi kuuliza ni nini walichomkosea kijana wake, hata awatajie bei kisha anyamaze. Kiloko alikaribia kurudisha viti kiwandani. Hapo shangazi yake, ambaye alikuwa na masufuria ya Bi Mwatumu asiyoyahitaji ya kutosha kupikia jeshi, alimwambia kwamba shida yake si viti. Shida ni kwamba mashine yake haina mdomo.

Kiloko akatuma mafundi sokoni. Walimwomba Bi Mwatumu ruhusa ya kurekodi sauti yake kwa msimu mzima, ili mashine ijifunze. Walimwahidi feni. Alishika kifua. Alipomaliza kuzungumza nao, feni ilikuwa imekuwa jokofu la milango miwili, na mafundi walilibeba wenyewe mpaka nyumbani kwake huku wakimshukuru. Hatibu alimuuliza kama alikuwa ameelewa alichouza. Alijibu kwamba ameuza maneno, na maneno anayo mengi, lakini jokofu hakuwa nalo hata moja.

Basi mashine ikajifunza. Sasa uliyebonyeza simu kutaka kiti uliulizwa kwanza habari za mama na mguu wake, ukatajiwa bei ya kichaa, ukakataa, ukaitwa, ukapunguziwa, ukajiona mshindi. Kwa msimu mmoja Mlangoni ikatoka kwenye viti ikaingia kwenye vitanda, vyandarua, mabati, ng'ombe na walimu wa hesabu. Stoo ya shangazi ikawa ghala, ghala likawa mtaa.

Mwanzoni mwa mvua Bi Mwatumu alishikwa na homa. Daktari alisema ni kali. Hatibu, ambaye hakuwa hodari wa kupatana, aliomba ipunguzwe, na daktari akasema safari hii hana la kupunguza. Alizikwa Ijumaa.

Watu wa mtaa waliporudi kutoka makaburini, wakakaa mkekani na vichwa vyao chini, simu ya mmoja wao ikalia. Alikuwa ameagiza kandambili.

"Hujambo, mwanangu?" ilisema sauti ya marehemu katikati ya msiba. "Na mama je? Ule mguu umepungua?"

Mwenye simu alitaka kuizima kwa aibu. Lakini tayari alikuwa ameshushiwa nusu ya bei, kwa hiyo akatoka nje kwenda kumalizia. Hatibu alibaki ameutazama mlango. Ilikuwa sauti ile ile, na hata ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa neno ulikuwepo. Moyoni alijiambia kwamba mambo ya Mungu huenda taratibu. Hitima ya arobaini ingesomwa, angewaita watu, wangekula, wangemtaja kwa jina lake mara ya mwisho wakiwa pamoja, na kuanzia hapo angeweza kulala. Tangu siku ile hakutaka jambo jingine lolote duniani.

Mlangoni nayo iliendelea kukua, kwa kuwa haikuwa imefiwa. Soko la Juani lilifungwa, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kwenda kupatana juani wakati anaweza kupatana kitandani. Kampuni ikanunua posta, kisha barabara za kupitia barua, kisha foleni. Foleni zilikuwa mali ya serikali tangu uhuru. Mlangoni ilizinunua zote, na aliyekosa nafasi ya kwenda hospitalini aliweza kuagiza foleni aletewe nyumbani. Watu walikuja asubuhi wakajipanga mbele ya mlango wake, wakasukumana kidogo, wakalalamika, na jioni wakaondoka. Wagonjwa wengi walisema walijisikia wamehudumiwa.

Siku moja Rais alihitaji kiti. Alipiga simu mwenyewe, maana alikuwa mtu wa watu. Aliulizwa mama yake hajambo, akalia kidogo, kwa kuwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza. Alipokata simu alikuwa amepata kiti kwa bei nzuri sana na alikuwa ameuza Wizara ya Biashara. Washauri walimpongeza. Kiti kilikuwa cha kuzunguka.

Wizara haiwezi kukaa bila waziri, na Mlangoni haikuwa na mfanyakazi mwenye uzoefu kuliko ile sauti. Ikaapishwa Ikulu. Simu iliwekwa juu ya Katiba, na Jaji Mkuu akasoma kiapo. Waziri mteule aliuliza kama vifungu vyote hivyo vilikuwa vya lazima. Walipatana kwenye nusu. Taifa zima lilipiga makofi, na magazeti yakaandika kwamba Mheshimiwa Mwatumu ni waziri wa kwanza asiyelala, asiyesafiri nje na asiyekula.

Hatibu aliisikia habari hiyo redioni, akiwa amepiga magoti mbele ya jiko la mteja, anabadilisha tambi. Aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye tambi. Siku iliyofuata alikodi turubai na masufuria makubwa, akamwagiza jirani yake Bi Saumu awatafute wapishi, kwa kuwa hitima ilikuwa imekaribia.

Turubai halijafungwa kamba zote, Mtendaji wa Mtaa akafika na askari wawili na shada la maua. Maua yalikuwa ya pongezi. Alimwita Hatibu "Mume wa Mheshimiwa", akamkumbatia, kisha akaamuru turubai lishushwe. Alieleza kwa upole kwamba kumwomboleza waziri aliye kazini ni sawa na kumwombea mauti, na kosa hilo lina kifungo ambacho hata mpatanaji hodari hakishushi chini ya miaka saba.

"Mtendaji, wewe mwenyewe ulishika jeneza," Hatibu alimwambia. "Ulikuwa upande wa kushoto, mbele."

"Nilishika, mzee wangu, nilishika," alijibu Mtendaji, akimpigapiga bega. "Lakini wakati ule alikuwa raia wa kawaida."

Bi Saumu alimuuliza Mtendaji kama anaona haya. Mtendaji alisema anaona, ila si wakati wa kazi.

Hatibu alikwenda makaburini akae kidogo. Alikuta uzio, kibanda cha mlinzi na kibao kipya: MAKAZI YA PILI YA WAZIRI. Mlinzi alimwambia kwamba Mheshimiwa hapokei wageni huku, aende ofisini. Hakusema kwa ubaya. Alimpa hata kiti akae nje ya uzio, kiti cha Mlangoni, cha plastiki.

Ndugu walimshauri aache. Mpwa wake alimuuliza ni watu wangapi wanaotamani kusikia sauti ya marehemu wao hata mara moja, na yeye anaipata kila akitaka sabuni. Ni kweli Hatibu alikuwa na sabuni nyingi. Wiki za mwanzo alikuwa akiagiza sabuni ili tu aulizwe habari za mama yake, ambaye alifariki zamani, na kila mara alijibu kwamba hajambo. Kisha aliacha, kwa sababu baada ya kila mche wa sabuni alijikuta amemsahau Bi Mwatumu kidogo zaidi. Sauti ilikuwa ikikaa mahali pa mtu. Hakumweleza mpwa wake hayo. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda Wizarani.

Wizara ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya ghala. Katibu Mkuu, mtu mrefu mwenye tai mbili, alimpokea mlangoni na kumsomea hotuba. Alisema kwamba katika historia ya mataifa yanayoendelea na yale yaliyokwisha kuendelea, hakujawahi kutokea mwombaji wa kibali cha kumwomboleza waziri akamwomba kibali hicho waziri mwenyewe anayeombolezwa, na kwamba jambo hili ni ushahidi tosha wa uwazi wa serikali. Mafundi waliosimama kando ya ukuta walipiga makofi. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa.

Kulikuwa na meza kubwa, bendera, na kiti kikubwa cha ngozi. Kitini waliweka spika, wakaivika kitenge na kilemba, vizuri, kama mtu aliyevishwa na watu wanaomheshimu lakini hawamjui. Bi Mwatumu hakuwahi kufunga kilemba upande ule.

"Hujambo, mwanangu?" ilisema sauti. "Mama hajambo? Na mguu?"

Hatibu alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, njia nzima alikuwa akiyapanga, na yote yakampotea.

"Sijambo," alisema. "Nimekuja kutaka kibali. Nataka kumsomea hitima mke wangu."

"Kumbe una jambo kubwa. Mimi nimekupenda, nitakufanyia vizuri." Sauti ilitulia kidogo, kama Bi Mwatumu alivyokuwa akitulia sokoni akimfutia mteja vumbi la beseni. "Nipe sauti yako."

Katibu Mkuu alitabasamu. Alijua mchezo ulivyo, kwa kuwa aliutunga yeye pamoja na Kiloko. Idara ya Kuomba Radhi ya Mlangoni ilikuwa inatafuta sauti ya mwanamume mwenye huzuni, ya kuwaambia wateja kwamba mzigo umechelewa. Mwombaji angeruka, angesema haiwezekani, angegeuka aondoke, angeitwa, na mwisho wangepatana kwenye kikohozi kimoja na labda mluzi. Hata kikohozi kilikuwa na matumizi.

Hatibu alikitazama kilemba. Maisha yake yote hakuwahi kumshinda mwanamke huyu hata senti moja, na hakuwa na nguvu ya kusimama mbele ya kiti kile na kupatana naye juu ya kifo chake.

"Sawa," alisema.

Mmoja wa mafundi aliangusha bisibisi.

"Sawa?" ilisema sauti.

"Sawa."

Sauti haikusema tena. Walisubiri. Mafundi walikimbilia nyuma ya meza, wakafungua vifuniko, wakatazamana. Mashine ilikuwa imefundishwa njia elfu za kumjibu anayekataa, anayecheka, anayelia, anayetukana, anayeondoka na kurudi. Hakuna aliyeifundisha kumjibu anayekubali, kwa kuwa mafundi wote walizaliwa Nchini, na hawakuwahi kumwona mtu wa namna hiyo. Mashine ilikuwa imesimama ikitafuta mteja wake alikokwenda.

Ilisimama Nchi nzima. Mtu aliyekuwa akipatana juu ya godoro alibaki na simu sikioni na mdomo wazi. Foleni zilikaa milangoni mwa watu bila kujua kama zisonge. Rais alikuwa katikati ya kuuza mto, akabaki nao mkononi.

Katibu Mkuu alimshika Hatibu mikono yote miwili. Tai zake zilikuwa zimepinda.

"Mzee wangu, nakuomba, kataa," alisema. "Kataa kidogo tu. Sema ni ghali."

"Si ghali," alisema Hatibu.

Sheria ya Nchi ilikuwa wazi: bei iliyokubaliwa mbele ya mashahidi haivunjwi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kukubali ya kwanza, hakuna aliyewahi kufikiria kuibadilisha. Kibali kikapigwa muhuri. Kuanzia alasiri ya siku ile sauti ya Hatibu Mwinchande ikawa mali ya Mlangoni, na kila neno ambalo angelitamka bila idhini lingetozwa faini. Alitoka ghalani amefunga mdomo, kibali mfukoni mwa kanzu.

Hitima ilisomwa chini ya turubai, na watu walijaa mpaka barabara ikafungwa. Hatibu hakuwatarajia. Walikuja kutoka miji ambayo Bi Mwatumu hakuwahi kuifikia, wakiwa wamevaa vizuri, na wengine walilia kwa kweli. Mmoja alisema marehemu alimpunguzia godoro wakati hakuna ndugu aliyemjali. Mwingine alisema ndiye mtu pekee aliyekumbuka mguu wa mama yake. Mtendaji wa Mtaa alikuja pia, na mashada mawili, moja la pongezi na moja la rambirambi, kwa kuwa maagizo yalikuwa hayajafika. Hatibu alikaa kimya, akipokea mikono yao mmoja mmoja.

Bi Saumu aliwasikiliza kwa muda mrefu, mwishowe akasimama na upawa wake.

"Huyo mnayemsema mimi simjui," aliwaambia. "Mwatumu ninayemjua mimi alikuwa akiunguza choroko. Kila siku. Anaweka choroko, anakuja kwangu kupiga soga, choroko zinaungua, halafu ananisema mimi kwamba nimemchelewesha. Na akicheka alikuwa anakupiga. Huu mkono wangu ulikuwa na alama."

Hatibu aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Bi Saumu alijua. Alimwekea wali mwingi zaidi.

Mlangoni haikukaa bila mdomo muda mrefu. Walimpata muuza samaki mmoja wa kusini, mwenye sauti nene, na safari hii wakaifundisha mashine kwamba anayekubali bei ya kwanza ni mgonjwa na apelekewe daktari. Serikali ilitangaza kwamba Mheshimiwa Mwatumu amestaafu kwa heshima, na uzio wa makaburini ukaondolewa na kuuzwa. Kampuni ikanunua Wizara ya Maji, kisha maji. Sauti ya Hatibu nayo ilipanda cheo. Kila mzigo uliochelewa, kila umeme uliokatika, kila daraja lililoanguka, wananchi walisikia mwanamume mwenye huzuni akiwaomba radhi, na walisamehe, kwa sababu ilisikika kwamba anamaanisha.

Asubuhi moja fundi wa mitambo aitwaye Zaituni alibisha hodi kwa Hatibu. Ndiye aliyeangusha bisibisi siku ile. Alisema kwamba wakati wa kuisafisha mashine ya zamani walikuta sauti za sokoni zilizokatwa tangu mwanzo, zisizo na faida ya biashara, na utaratibu ni kuzitupa. Lakini utaratibu hausemi zitupwe wapi. Aliweka mezani redio ndogo ya betri, akaaga, akaenda zake kazini.

Hatibu alifunga mlango. Aliiweka simu yake mbali kidogo, kwenye dirisha, akaketi, akabonyeza.

Ilikuwa kelele za soko. Mtu alikohoa, na alikuwa Bi Mwatumu. Alimgombeza mtu aliyeegemea mabeseni. Alicheka kitu ambacho hakikusikika, kwa muda mrefu, na kulisikika kofi na mtu akilalamika. Kisha sufuria ziligongana, na sauti yake ikasogea karibu, ikashuka, kama ya mtu anayezungumza na mwenzake aliyefika mezani adhuhuri kutoka kazini, mikono yake bado inanuka mafuta ya taa.

"Umekula?"

"Bado," alisema Hatibu.

Simu ikalia dirishani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye huzuni, ikimwomba radhi mteja mpendwa na kumjulisha kwamba ametozwa faini ya neno moja. Aliiacha iseme mpaka ikamaliza. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akawasha jiko, akabandika maji.